Mawe Upande wa Kushoto

Baba alipotoka hospitalini baada ya kiharusi, kitanda chake kiliwekwa sebuleni, kwa sababu mlango wa chumba chake cha zamani ulikuwa mwembamba na kiti cha magurudumu hakikupita. Nyumba ni ile aliyoijenga mwenyewe kwenye mteremko, juu ya mji wa Homa Bay. Zamani ukikaa sebuleni uliliona ziwa mpaka ng'ambo. Mwaka mmoja kabla ya Baba kuugua, kaka yangu alijenga vyumba vya kupangisha mbele ya nyumba, na tangu hapo dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa mawe ambao upande wetu haukupigwa hata plasta. Baba alikuwa analala akitazama ukuta huo kutwa nzima.

Kaka ndiye aliyebaki nyumbani na mkewe. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa nimeachika na naishi Migori, katika chumba kimoja cha kupanga, nikifanya kazi kwenye duka la vioo. Kazi yangu ni kwenda kwa wateja kupima madirisha, kuandika vipimo, na kuhakikisha fundi hakati kioo kabla sijahakiki mara ya pili. Kila Jumamosi adhuhuri nilifunga daftari langu, nikapitia Rongo na Rodi Kopany, na kufika Homa Bay kabla jua halijashuka. Jumapili mchana nilirudi.

Wazo la akwariamu lilikuwa langu. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye boti ya idara ya uvuvi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Wavu ukivutwa, samaki wanamwagwa sakafuni, naye anawatenga kwa aina na kuandika. Wenzake walimpenda mbuta kwa sababu ni mkubwa na ana soko. Baba aliwapenda fulu, vile visamaki vidogo vya rangi ambavyo watu wengi hapa huvikaanga vikavu bila kuviangalia mara mbili. Alituambia tulipokuwa wadogo kwamba wakati alipoanza kazi kulikuwa na aina za fulu asizoweza kuzimaliza, na mbuta, ambao huwala, walipozidi aina hizo zikaanza kukosekana kwenye wavu, moja baada ya nyingine. Alikuwa bado anajua rangi zao. Alitaja mashavu ya bluu, tumbo jekundu, mapezi yenye madoa ya manjano, kama mtu anayetaja majirani waliohama.

Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na maneno yake. Lililobaki likitoka kwa urahisi ni "ooyo", yaani hapana, naye alilitumia kwa hapana na kwa ndiyo pia. Ilibidi usikilize sauti.

Nilipomwambia kwamba nitamtengenezea tangi la kioo niliweke pale ukutani, mbele ya kitanda, nimjazie fulu, alisema "ooyo" mara tatu, na ya tatu ilipanda juu kama swali. Nikajua amekubali.

Mwenye duka letu ni mzee Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Pwani, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza, alinipeleka nyuma ya duka akanionyesha vioo vya milimita kumi vilivyorudishwa na mteja aliyebadilisha nia. Akasema nimpelekee mgonjwa. Fundi wetu akavikata kwa vipimo vyangu: urefu mita moja na sentimita ishirini, upana arobaini na tano, kimo hamsini. Mimi mwenyewe nilisimamia gundi ya silikoni, nikaacha ikauke wiki nzima, nikajaza maji pale uani kwa duka na kuzunguka nikipapasa kila pembe kwa karatasi ya chooni kuona kama kuna unyevu. Hapakuwa na tone.

Lakini kioo kilikuwa kazi rahisi. Kazi ilikuwa kupanga ndani.

Nilichora kwenye karatasi ya miraba kwanza. Nilidhani najua. Niliweka jiwe refu katikati, mawe madogo pande zote mbili, mchanga mbele, kama nilivyoona kwenye picha za simu. Baba aliitazama ile karatasi akaisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka ikaanguka chini. Wiki iliyofuata nikaacha karatasi, nikabeba sinia pana, nikalijaza mchanga wa ufukweni na vijiwe, nikaliweka juu ya miguu yake kitandani. Nikasema, "Baba, panga wewe."

Alichukua muda mrefu. Mkono wake wa kushoto haukuwa umezoea kazi yoyote na vidole vilikuwa vikitetemeka. Aliokota jiwe, akalilaza chini kabisa hadi likagusa bati la sinia, ndipo akalifukia kwa mchanga. Nikauliza kwa nini asiliweke tu juu ya mchanga. Akachimbachimba kwa kidole chini ya jiwe jingine, likaanguka, akanitazama. Nikaelewa: fulu huchimba. Ukiweka jiwe juu ya mchanga watalichimbua litaangukia kioo. Kisha alipanga jiwe juu ya jiwe akiacha matundu, akahesabu matundu kwa kugusa, na nikaelewa pia kwamba kila dume lazima apate pango lake, la sivyo watauana. Yote hayo aliyasema bila neno. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi nikiwa naye akiwa mzima. Alipokuwa mzima hatukuwa na mengi ya kuongea.

Kitu kimoja kilinishinda. Mawe yote aliyaweka upande wa kushoto wa sinia. Upande wa kulia aliuacha mtupu. Nikihamisha jiwe moja kwenda kulia, tupate usawa, alikasirika, akalitafuta kwa mkono kama aliyelipoteza. Jumamosi tatu tulibishana hivyo. Ya nne nikamwona anakula. Alikula ugali na mboga za upande wa kushoto wa sahani, akamaliza, akaweka kijiko chini kana kwamba chakula kimekwisha, na nusu ya kulia ilikuwa haijaguswa. Ndipo nikajua kwamba haoni upande huo. Macho yalikuwa mazima, lakini nusu ya dunia ilikuwa imezimwa.

Nilikimbia jikoni kumwambia mke wa kaka. Alikuwa anasonga ugali wa pili, wa watu wengine.

"Najua," alisema bila kugeuka. "Huwa ninamzungushia sahani."

Nilipaswa kusimama hapo nikafikiri. Sikufikiri. Nilirudi kwenye karatasi yangu ya miraba nikachora upya, na safari hii nilijua ninachofanya. Mapango yote yangekuwa kushoto. Kulia lingesimama jiwe moja kubwa la bapa kuficha kichujio, mpira wa hewa na waya, kwa vile upande ambao Baba haoni ndio upande wa kuweka vitu visivyopendeza. Tangi lingekaa kwenye stendi fupi ya chuma, chini kuliko stendi yoyote ya dukani, ili sakafu ya mchanga iwe sawa na godoro na Baba akilala kwa ubavu awatazame samaki uso kwa uso. Halingekaribia dirisha, maji yasije yakaota ukijani. Kutoka soketi hadi kichujio nilipima hatua kwa hatua, waya usipite njia ya kiti cha magurudumu. Nilipiga hesabu ya uzito pia, maji, kioo, mawe na chuma, ikazidi kilo mia tatu. Nilimwambia kaka kwamba likishajazwa halihamishiki, kwa hiyo lazima tuwe na uhakika wa mahali. Akacheka, akasema niweke ninapotaka, mradi nisimwombe asaidie kubeba.

Tulilifunga mwezi uliofuata. Mawe niliyaokota mwenyewe ufukweni, nikayasugua, nikayachemsha katika sufuria kubwa ya mke wa kaka, ambaye alisubiri mpaka jioni kuipata. Maji ya mvua nilichota kutoka tangi la paa, ndoo kwa ndoo. Baba alionyesha kwa vidole kwamba samaki wasiingie bado, na maji yakalala majuma matatu kichujio kikinguruma bila kitu ndani. Halafu mvuvi mmoja aliyemfahamu tangu enzi za boti akaniletea fulu kumi na mmoja katika mtungi wa plastiki. Niliwaachia polepole. Wakajificha wote. Baba alilala kwa ubavu, uso karibu na kioo, akangoja. Baada ya nusu saa dume mmoja alitoka kwenye pango la chini, mashavu yakiwa ya bluu.

"Fulu," Baba alisema. Lilitoka zima, bila kukwama.

Hilo lilikuwa neno lake jipya la kwanza tangu augue. Alikaa na samaki wale wiki tano. Nilizihesabu baadaye.

Wakati huo kaka alikuwa ameamua kugombea uwakilishi wa wadi. Watu walianza kuja nyumbani, wazee wa vijiji, vikundi vya kina mama, vijana wa pikipiki, na wote walikaribishwa sebuleni. Mwanzoni walimpa Baba mkono na kumwombea. Kisha wakaanza kulisifu tangi. Kaka hakuwa amelitazama vizuri mpaka alipoona wageni wanalitazama. Akaanza kuwaeleza majina ya samaki, nusu yake si kweli.

Jumanne moja alinipigia simu kazini. Aliongea kwa upole, jambo lililonitia wasiwasi. Alisema wamemhamishia Baba chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo, kwa sababu kina utulivu na kiko karibu na bafu, na kelele za wageni zinamchosha. Nikamwuliza kuhusu tangi.

"Tangi liko palepale," alisema. "Si wewe ulisema halihamishiki?"

Jumamosi nilifika nikiwa nimejipanga maneno njia nzima. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha dogo juu, karibu na dari. Soketi haikuwepo. Kitanda kilijaza chumba hadi mlango ukafunguka nusu tu. Baba alikuwa amegeukia ukuta, na kwa bahati mbaya au kwa kutofikiri walimlaza hivi kwamba mlango ulikuwa upande wake wa kulia. Niliingia, nikamwita, akashtuka, hakujua nimetoka wapi.

Nilimkuta kaka sebuleni. Nikamwambia kwamba tangi ni la Baba, kila jiwe mle ndani alilipanga Baba. Hakunipandishia sauti. Alisema watu wanakuja kumwona yeye kama kiongozi, na wa kwanza wanayemwona ni mzee aliyelala na mpira wa mkojo. Alisema hata Baba mwenyewe, angeweza kusema, asingetaka kuonekana hivyo. Halafu akasema, "Dada, wewe uliolewa ukatoka. Kurudi kwako Jumamosi hakukupi haki ya kupanga vyumba vya hapa."

Nilikwenda jikoni nikitafuta mtu wa kuniunga mkono. Mke wa kaka alikuwa anafua mashuka ya Baba katika beseni. Nilimweleza yote upya, kana kwamba hakuwemo katika nyumba ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya povu.

"Mimi ndiye niliyeomba ahamishwe," alisema.

Sikuamini. Aliendelea bila hasira.

"Bafu liko pale. Namgeuza mara nne kwa siku, namwosha, na sebuleni kila nikimfunua mtu anabisha hodi. Baba yako ananishika mkono afunikwe, ana aibu. Wewe unakuja Jumamosi na mawe. Unanichukulia sufuria, unamwaga maji sakafuni, mnacheka wawili, Jumapili unaondoka. Nani anasafisha kile kioo? Nani anawalisha? Uliwahi kuniuliza wapi nataka kitanda?"

Nilikuwa nimepima waya, soketi, dirisha, kimo cha godoro. Yeye sikumpima. Sikuwahi kujiuliza mtu anayemhudumia Baba atapita wapi kati ya kitanda na stendi, na alikuwa akipita kwa ubavu, na beseni kichwani, wiki tano.

Ningeweza kumchukua Baba niende naye Migori. Nalisema hapa kwa sababu watu wananiuliza, na kwa sababu mimi mwenyewe nimejiuliza. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, na mchana kutwa niko kazini. Hizo ni sababu za kweli. Lakini sikuzitaja kwa mtu yeyote wakati ule, kwa maana ningezitaja ningekuwa nimekiri kwamba nililifikiria jambo hilo nikaliacha.

Wiki iliyofuata nilimpelekea Baba lile sinia la mchanga. Nililiweka juu ya miguu yake, nikapanga vijiwe pembeni upande wa kushoto, karibu na mkono wake. Nikamwambia nitamtengenezea tangi jingine dogo, la kuweka kwenye kiti, tutavuta waya kutoka koridoni. Hakuyagusa mawe. Aliliangalia sinia kama mtu anayeangalia mchezo wa watoto, akasema "ooyo". Nilisikiliza sauti. Ilikuwa hapana.

Kabla ya mwezi kwisha kaka alimwita fundi wa kuchomelea. Alitaka tangi lipande juu, lifike kifuani mwa mtu aliyesimama, wageni wasiiname. Hawakuniambia. Walilikausha, wakawamwaga fulu katika beseni barazani, na kwa kuwa hapakuwa na hewa na jua lilikuwa kali, wakafa mchana huohuo. Mawe yaliwekwa juu ya mabati ya banda la kuku kuzuia upepo. Ndani ya tangi waliweka changarawe ya rangi ya waridi, jumba la plastiki lenye minara katikati kabisa, na samaki wa dhahabu walionunuliwa Kisumu. Taa ya bluu ikafungwa juu. Niliona picha kwenye simu kabla ya kuliona tangi lenyewe. Kaka aliipiga akiwa amesimama kando ya tangi, akitabasamu, na watu chini yake wakaandika pongezi.

Baba alifariki miezi minne baadaye, asubuhi, wakati mke wa kaka alikuwa ameenda kumchotea maji ya kuoga. Mimi nilikuwa kwa mteja, napima dirisha. Nilimaliza kupima. Sijui kwa nini, lakini nilimaliza, nikaandika vipimo, ndipo nikakaa chini.

Mazishini watu walikuwa wengi kuliko marafiki wa Baba, kwa sababu kampeni zilikuwa zimepamba moto. Walipanga foleni kuingia sebuleni, kutazama jeneza na kutoka, na wengi walisimama zaidi mbele ya tangi. Watoto waligongagonga kioo. Mwanasiasa mmoja alishika kipaza sauti akasema kwamba mwana huyu, baba yake aliposhindwa kwenda ziwani, alimletea ziwa kitandani. Watu walipiga makofi. Kaka aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa katika hema la mabinti na nilimwangalia kwa makini nione kama atanitafuta kwa macho. Hakunitafuta. Mwenye duka langu, aliyesafiri kutoka Migori kuja kunifariji, alikuwa amekaa nyuma na wageni, na niliona amegeuka kunitazama. Nikatikisa kichwa, asiseme kitu.

Kaka hakupita. Hata uteuzi wa chama hakuupata. Wageni waliacha kuja kwa haraka ile ile waliyokuja nayo, naye akaanza kushinda mjini.

Mwaka jana nilipita Homa Bay kwa shughuli za kazi na nikaona si vizuri kutobisha hodi. Mke wa kaka alinikaribisha chai. Tangi lilikuwa limerudishwa sakafuni, bila maji. Mle ndani alikuwa ametandaza maranda ya mbao, akaning'iniza balbu, na vifaranga kama thelathini walikuwa wanalia. Alisema samaki wa dhahabu walikufa umeme ulipopotea siku mbili, naye aliona kioo kitakaa bure. Hakuomba radhi, wala sikuona kwamba anadaiwa.

Tulikunywa chai tukiwatazama vifaranga. Kisha nikamwuliza nililokuwa nimelibeba muda wote: Baba kule nyuma, aliwahi kuwaulizia samaki?

Aliniongezea chai kwanza.

"Hakuuliza," alisema. "Alikuwa analia. Jioni, saa ya kuwalisha. Alikuwa akiisikia ile mashine ya tangi. Wageni wakiwepo nilifunga mlango wasimsikie."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Hakusema kwa kunichoma. Alingoja jibu kama mtu anayetaka kulijua kweli, akiwa na kikombe mkononi. Baada ya muda akaweka kikombe chini, akaniuliza kama najua kwa nini vifaranga wamejikusanya kona moja mbali na balbu, maana tangu asubuhi wako hivyo. Nikamwambia kioo hakipitishi hewa, joto limewazidi, balbu iko chini mno. Akashika waya, mimi nikashika kigingi alichoifungia balbu, tukaipandisha.

Nilimshukuru kwa chai, nikaondoka.